Mama ana Forxiga na sindano ya Ozempic, upasuaji ni Jumatano: aache nini, na lini?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Mama yangu ana miaka 58, na huu ni mwaka wa 11 ana kisukari. Anameza metformini gramu moja asubuhi na jioni, Daonil moja asubuhi, na Forxiga aliyoanzishiwa mwaka jana. Wiki sita zilizopita mdogo wake anayeishi Muscat alimletea sindano za Ozempic ili apunguze mwili. Alianza na 0.25 kila Ijumaa, wiki mbili hizi amepanda hadi 0.5. Kweli amepungua, lakini anashiba kijiko cha tatu, na asubuhi hucheua chakula cha jana. Sasa amekutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo. Atafanyiwa upasuaji wa matundu siku kumi kutoka leo Jumapili, yaani Jumatano, saa 3 asubuhi. Hospitali wamemwambia tu asile wala asinywe chochote kuanzia saa 6 usiku. Habari ya sindano hajamwambia mtu. Anasema si dawa ya hospitali, na anaona haya. Jirani yetu anashauri aache dawa zote wiki nzima ili mwili uwe safi. Aache ipi, lini, na hatari yenyewe ni nini?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishtua zaidi si mawe wala kisukari. Ni kwamba sindano hajamwambia mtu. Kesho Jumatatu asubuhi, kabla ya shughuli nyingine yoyote, piga simu au nenda mwenyewe kliniki ya upasuaji, useme hivi: "Mama yangu ana kisukari, anameza Forxiga, na kwa wiki sita amekuwa akijidunga Ozempic. Ya mwisho alidunga Ijumaa. Anashiba haraka na anacheua chakula cha jana. Naomba mtaalamu wa usingizi aonane naye kabla ya siku ya upasuaji." Uhakikishe yameandikwa kwenye faili lake. Mengine yote nitakayokueleza hapa ni ya kupeleka kwao mkayapange pamoja, maana wao ndio watakaomshika mkono siku ile.

Jirani yenu ana nia njema, ila ushauri wake msiufuate. Mgonjwa wa kisukari akiacha dawa zote wiki nzima sukari hupanda, na sukari iliyopanda huzilegeza chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu. Kidonda huchelewa kufunga, usaha hupata nafasi. Mama akifika siku hiyo na sukari ya 18, huenda wakamrudisha nyumbani. Dawa zake nne haziachwi kwa mkupuo. Mbili huachwa asubuhi ya upasuaji au jana yake, moja siku tatu kabla, na hiyo ya nne hata sisi tulio kazini tumebadilisha kauli juu yake ndani ya miaka miwili.

Nianze na hiyo ya nne, sindano. Ndani ya Ozempic mna semaglutaidi, dawa inayoiga homoni ambayo utumbo hutoa tukila. Hulichochea kongosho litoe insulini, huufanya ubongo uhisi shibe, na huchelewesha chakula kutoka kwenye mfuko wa chakula kwenda utumboni. Wegovy ni semaglutaidi hiyo hiyo kwa dozi kubwa zaidi; Mounjaro ina tirzepataidi, ambayo ni jamaa yake. Hilo la kuchelewesha chakula linamsaidia mama apungue, na hilo hilo linanitia hofu mimi daktari wa usingizi, ninayewalaza watu kabla ya kupasuliwa.

Mtu aliyelala usingizi wa kawaida akicheua, atakohoa, ataamka, atatema. Aliyepewa nusu kaputi hawezi. Koo limelegea na kikohozi kimezimwa, kwa hiyo kilichomo tumboni kikipanda, hushuka kwa njia ya hewa hadi mapafuni. Tindikali ya tumbo huyaunguza mapafu, na chakula kigumu huziba njia. Mwaka 1946 daktari wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson, alichapisha hesabu yake: kati ya wajawazito 44,016, wanawake 66 walipatwa na jambo hilo wakiwa wamepewa dawa ya usingizi, na wawili walikufa kwa kukabwa na chakula. Amri ya kutokula kabla ya upasuaji ilipata nguvu sana baada ya maandishi yale. Lakini amri hiyo inahesabu tumbo linalotembea mwendo wake wa kawaida: saa 6 zipite baada ya mlo mwepesi, saa 8 baada ya mlo wa mafuta au nyama, saa 2 baada ya maji matupu. Kwa mtu wa Ozempic saa hizo zinaweza zisitoshe.

Nimeliona kwa macho yangu. Nilimpokea mama mmoja wa makamo, upasuaji mdogo tu, hajala kwa saa 14 na alisema kweli. Nilimpa dawa ya usingizi, na kabla sijapitisha mpira wa kupumulia, wali ukapanda kooni. Punje zilikuwa nzima nzima, na kipande cha karoti bado kina makali ya kisu. Tulimwinamisha kichwa, tukavuta kwa mashine, tukapitisha mpira, tukaahirisha upasuaji. Alikaa kwenye oksijeni siku nne. Siku ya pili binti yake alikuja akafungua mkoba, akatoa kalamu ya sindano iliyofungwa kwenye leso, akaniuliza kama mama aendelee nayo. Nilikuwa nimemuuliza mgonjwa yule dawa anazotumia, akanitajia vidonge vya presha. Sindano ya kupunguza mwili hakuihesabu kuwa dawa. Tangu siku ile siulizi tena "unatumia dawa gani" nikaishia hapo. Nauliza pia: unajidunga chochote? Unakunywa chochote cha kupunguza mwili? Kuna kitu umeletewa kutoka nje?

Sasa kuhusu kuacha au kutoacha. Juni 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri sindano za kila wiki ziachwe wiki moja kabla ya upasuaji, na zile za kila siku, kama Victoza na Saxenda, ziachwe siku yenyewe. Wengi tulifuata. Kasoro yake ni kwamba semaglutaidi huchukua kama wiki moja kupungua nusu tu mwilini. Aliyeruka sindano moja bado ana dawa ya kutosha kulichelewesha tumbo, na kwa mwenye kisukari sukari inaanza kupanda. Oktoba 2024 chama hicho, pamoja na vyama vingine vya kitaalamu, kilitoa mwongozo mpya: wagonjwa wengi waendelee, ila kila mmoja apimwe hatari yake. Novemba mwaka huo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliongeza kwenye maelezo ya dawa hizi onyo la matapishi kuingia mapafuni. Januari 2025 wenzetu wa Uingereza nao walielekea upande huo huo: dawa isiachwe ovyo, bali mgonjwa ajulikane mapema na alazwe kwa tahadhari.

Basi tumpime mama. Wenye hatari kubwa ni wale ambao dozi yao bado inapandishwa, wanaotumia dozi kubwa, wenye kichefuchefu, kutapika au shibe isiyoisha, na wale ambao kisukari kimeshagusa mishipa ya fahamu ya tumbo. Mama amepandishwa dozi wiki mbili zilizopita. Anacheua chakula cha jana. Ana miaka 11 ya kisukari. Dozi ya 0.5 si kubwa, lakini hayo mengine yananitosha. Wiki za mwanzo ndizo ambazo tumbo hulala zaidi. Mwili ukizoea, mwendo hurudi kwa kiasi chake. Kwa hiyo kama mawe hayamletei homa, macho ya njano wala maumivu ya kumlaza, mimi ningemuomba daktari wa upasuaji asogeze tarehe wiki kadhaa, dozi ibaki hapo ilipo bila kupandishwa, hadi atakapokula bila kucheua. Wiki chache za kungoja ni afadhali kuliko siku nne za oksijeni.

Ikiwa tarehe haisogezeki, ushauri wangu ni aiache sindano ya Ijumaa hii inayokuja. Hapo Jumatano itamkuta siku 12 tangu ya mwisho. Haitakuwa imetoka yote, lakini kichefuchefu huenda kimepungua. Jumanne nzima asile kigumu chochote, anywe tu. Na siku yenyewe alazwe kama mtu aliyetoka kula: mtaalamu atampa oksijeni ya kutosha kwanza, kisha dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli kwa haraka, na kupitisha mpira wa kupumulia bila kuchelewa. Palipo na mashine ya ultrasaundi na mtu aliyefundishwa, tumbo hutazamwa kabla: kipimo kinawekwa chini ya kifua, mgonjwa analala kwanza chali, kisha kwa ubavu wa kulia. Tumbo tupu huonekana dogo na bapa. Likiwa na chakula hujaa ukungu na vipande, na hapo upasuaji usio wa haraka huahirishwa. Hospitali nyingi kwetu anayelaza wagonjwa ni muuguzi au tabibu wa usingizi, hodari wa kazi yake, lakini hana ultrasaundi hiyo. Kwake yeye neno la mama ndicho kipimo.

Hiyo kalamu ya Ozempic ya mama yenyewe, mwende nayo hospitali pamoja na boksi lake. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, na lilionya kwamba dawa bandia za aina hii nyingine huwa na kitu kisichoandikwa, kikiwemo insulini. Sisemi mdogo wake amenunua bandia. Nasema dawa iliyosafiri mkononi inastahili kutazamwa: maandishi ya boksi, namba ya toleo, na kama ilikaa kwenye baridi. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika huvumilia wiki sita hadi nane, kulingana na maelezo ya boksi lake, chini ya nyuzi 30, na Tanga ya Februari nyuzi 30 hupitwa bila shida.

Jambo jingine la kumuuliza daktari: kupungua mwili kwa kasi huzalisha mawe ya nyongo, na sindano za kundi hili zinajulikana kuongeza matatizo ya mfuko huo. Wiki sita ni chache, huenda mawe yalikuwepo zamani. Lakini anayempasua anahitaji kujua, ili kichefuchefu kisisingiziwe mawe peke yake.

Sasa Forxiga, na hapa naomba ukae kitako, kwa sababu kidonge hiki kidogo cha njano kinasahaulika kuliko vyote. Dapagliflozini iliyomo ndani yake huzifungulia figo mlango, sukari ikatoka kwa mkojo. Jardiance nayo ni kundi hilo hilo. Ni dawa nzuri sana kwa figo na moyo, wengine hupewa hata bila kisukari. Shida inakuja mtu akikaa na njaa. Sukari inaendelea kutoka kwa mkojo, insulini mwilini inashuka, mwili unaona hauna chakula unaanza kuyeyusha mafuta. Mafuta yakiyeyuka hutoa ketoni, na ketoni ni asidi. Ongeza mshtuko wa upasuaji, ambao wenyewe unapandisha homoni zinazopinga insulini, na damu inageuka chachu.

Ubaya wake ni kwamba mashine ya kidole haisemi kitu. Tumezoea kwamba ketoni hatari huja na sukari ya 25 au 30. Kwa mtu wa Forxiga zinaweza kuja na sukari ya 9. Muuguzi anapima, anaona 9, anaandika "nzuri", anaendelea na mwingine. Mgonjwa ana kichefuchefu, tumbo linauma, amechoka, anapumua kwa kasi na kwa kina. Na huyu katoka kupasuliwa tumbo, nani atashangaa kwamba tumbo linamuuma? Saa zinapita. Kinachofichua ni kupima ketoni za damu, na zikizidi 3 ni dharura. Cha mkojo si cha kukitegemea sana kwa watu wa dawa hizi.

Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dapagliflozini, empagliflozini (ndiyo Jardiance) na kanagliflozini ya kundi hilo hilo ziachwe angalau siku tatu kabla ya upasuaji uliopangwa. Kwa mama hesabu ni hii: kidonge cha mwisho ni Jumamosi asubuhi. Jumapili, Jumatatu na Jumanne hamezi, Jumatano hamezi. Ukumbuke tulichosema kuhusu Jumanne ya vinywaji: siku ya kutokula kigumu huku Forxiga ingali mwilini ndiyo inayozalisha ketoni. Ndiyo maana sindano na kidonge hiki haviwezi kupangwa na watu wawili wasiozungumza, mmoja wa kliniki ya kisukari na mwingine wa upasuaji. Na kama ingekuwa amepewa Forxiga kwa ajili ya moyo uliochoka, ningetaka daktari wa moyo naye aulizwe kabla ya kuiacha.

Daonil ina hatari ya upande wa pili. Glibenklamidi hulilazimisha kongosho litoe insulini, umekula hujala. Nguvu yake hukaa siku nzima, na kwa mwenye figo dhaifu zaidi. Asubuhi ya upasuaji haimezwi kabisa. Mimi ningependa hata Jumanne asiimeze, kwa sababu siku hiyo hali kigumu. Mthibitishe na kliniki yake ya kisukari. Sukari ikishuka mtu akiwa macho, anatetemeka, jasho linamtoka, anasema. Ikishuka akiwa chini ya nusu kaputi hasemi chochote, na jasho tunaweza kulidhania ni la jambo lingine.

Metformini ndiyo ya amani. Aendelee nayo hadi Jumanne jioni, Jumatano asubuhi asiimeze. Ila figo zake zipimwe wiki hii, kreatinini, kwa sababu figo zikiwa zimechoka metformini hujikusanya na kuleta asidi ya aina nyingine. Kama atapigwa picha ya dawa ya kung'arisha mishipa, wajue pia kwamba anaitumia.

Wapime na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu. Kwa upasuaji usio wa haraka tunapenda kiwe chini ya asilimia 8. Akiwa juu sana, hiyo ni sababu nyingine ya kusogeza tarehe na kuirekebisha sukari kwanza. Na mwambie mama akutanishe viganja vyake viwili, vidole kwa vidole, avibane. Vikikutana vyote bila nafasi katikati, vizuri. Kama vidole vinabaki vimepinda na unaona mwanga katikati, mwambie mtaalamu wa usingizi: kisukari cha miaka mingi hukakamaza viungo, shingo na taya navyo, na mpira wa kupumulia unaweza kuwa mgumu kupita. Ni bora alijue hilo kliniki kuliko kuligundua mgonjwa ameshalala.

Tuje kwenye kufunga. Sisi watu wa pwani tukisikia "usile" tunasikia Ramadhani, maji nayo marufuku, na mama aliyelelewa hivyo atakaa na kiu tangu saa 6 usiku hadi aitwe, pengine saa 8 mchana kama orodha imechelewa. Kwa mwenye kisukari hilo ni baya: maji yanapungua, ketoni zinaona njia. Maji matupu huruhusiwa hadi saa 2 kabla ya kupewa usingizi. Upasuaji wa saa 3 asubuhi, basi anywe maji hadi saa 1 asubuhi. Lakini kwa mama, kwa ajili ya ile Ozempic, neno la mwisho juu ya maji ya asubuhi ni la mtaalamu wake. Wakisema asinywe, wamtundikie dripu mapema na wamuweke wa kwanza kwenye orodha. Liombeni hilo waziwazi. Mwenye kisukari ana haki ya kuwa wa kwanza asubuhi.

Jumanne anywe nini? Chai ya rangi, maji, supu iliyochujwa ikabaki maji yake, juisi ya tufaha isiyo na nyama nyama. Ziwemo zenye sukari kidogo, kwa sababu siku hiyo hana chakula kingine. Uji si kinywaji hapa, hata uwe mwepesi namna gani. Ukifika tumboni ni chakula. Maziwa nayo yakikutana na asidi huganda, yahesabu kama mlo. Apime sukari kila baada ya saa nne akiwa macho, na tena akiamka alfajiri. Ikishuka chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe, mpime tena baada ya dakika 15. Afanye hivyo hata kama ni alfajiri ya upasuaji, kisha mkifika mseme saa ngapi alikunywa na kiasi gani. Asivumilie sukari iliyoshuka eti kwa sababu ameambiwa asinywe. Ikizidi 14, au akitapika, pigeni simu hospitali usiku huo huo. Tunapenda aingie akiwa kati ya 5.6 na 10. Mashine ikiwa ile ya Kimarekani inayosoma 180 na 200, gawanya kwa 18.

Asubuhi hiyo asiwe na rangi ya kucha wala piko vidoleni. Kifaa kinachosoma oksijeni hubanwa kwenye kidole, na piko nyeusi inaweza kukipotosha. Hina ya harusi inaweza kusubiri.

Upasuaji ukiisha, msishangae sukari ikiwa juu kuliko kawaida siku ya kwanza na ya pili. Mwili umejeruhiwa, na mara nyingi tunampa mgonjwa deksamethasoni ili asitapike, nayo hupandisha sukari. Wodini wanaweza kumdunga insulini kwa muda. Haina maana kwamba kuanzia leo ni mgonjwa wa insulini maisha yake yote. Nimewaona kina mama wakilia kwa kudhani hivyo.

Dawa zinarudi moja moja. Metformini akianza kula na figo zikiwa sawa. Daonil akila sahani yake kamili, si vijiko viwili. Kati ya vidonge, Forxiga iwe ya mwisho: ale na anywe vizuri siku mbili hivi, bila kutapika. Akiwa na kichefuchefu kisichoeleweka au anapumua kwa kasi, hata wiki ya kwanza nyumbani na hata sukari ikiwa 8, mrudishe hospitali na utamke neno ketoni. Sindano irudi tumbo likishatulia, kwa amri ya daktari na si ya simu ya Muscat. Akiwa ameruka moja tu huenda wakamrudisha kwenye 0.5, akipitisha wiki tatu au zaidi, kwa kawaida mtu huanza tena 0.25.

Kwa kuwa wengine watasoma hapa, niseme mawili matatu. Anayetumia insulini asiiache kabisa, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiiache hata siku moja, awe anakula au hali. Ile ya muda mrefu ya usiku kwa kawaida hupunguzwa kidogo tu, kama asilimia 20 hadi 25. Mixtard, insulini ya mchanganyiko, ya asubuhi ya upasuaji mara nyingi hupunguzwa nusu na sukari hupimwa kila saa, lakini dozi hiyo apange daktari wako kwa jina lako. Chai za kupunguza tumbo nazo ni dawa: nyingi zina sena, inayoharisha na kuondoa potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo huruka mapigo mezani. Baadhi zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya kuumiza moyo na kuleta kiharusi. Uwatu na karela hushusha sukari kweli, viacheni wiki mbili kabla. Na upasuaji wa dharura, kidole tumbo au mtoto aliyekwama, haungoji siku tatu za Forxiga wala wiki ya Ozempic. Hapo hatuahirishi. Tunamlaza mtu kama aliyeshiba, na tunapima ketoni, mradi tu tumeambiwa.

Kuhusu haya ya mama. Kaa naye usiku huu, wawili tu, wala usimkaripie. Mwambie daktari hatamuuliza kwa nini alitaka kupungua. Uzito ule umemchosha magoti na sukari miaka yote hii, na kutaka kuupunguza ni jambo jema. Mwambie kinachotafutwa ni tarehe ya sindano ya mwisho tu. Kama bado anasitasita, mwombe ruhusa useme wewe kwa niaba yake, yeye akae nje ya mlango. Nimewahi kupokea habari za maana kabisa kwa njia hiyo, kutoka kwa binti aliyesimama kwenye korido na kikaratasi mkononi.

Kwenye kikaratasi chako andika dawa nne, dozi zake, na siku ya mwisho ya kila moja. Ukisharudi kliniki, niandikie waliyosema kuhusu tarehe, nami nitakujibu siku hiyo hiyo.